Hatua Juu ya Dari

Mama Pamba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga. Ukiingia sebuleni kwake, ghorofa ya tatu, ilibidi ukae kwenye benchi usubiri amalize mshono, ndipo akusikie. Wateja walimzoea. Alikuwa fundi hodari. Kasoro yake moja tu: akiahidi nguo Jumatano, ujue utaipata Jumamosi. Lakini huo ni ugonjwa wa mafundi wote, na dawa yake haijapatikana.

Nyumba ile ilikuwa na watu wanne. Mama Pamba mwenyewe. Mama yake mzazi, Bibi, mwenye miguu mibovu na masikio mazuri kupita kiasi. Mumewe, dereva wa lori, siku mbili nyumbani na siku kumi barabarani. Na binti yao wa pekee, Pamba, mwenye umri wa miaka kumi na minne.

Jina la Pamba alilitoa Bibi siku mtoto alipozaliwa, kwa sababu alikuwa mwepesi mikononi. Sasa hakuwa mwepesi tena. Kwa miaka miwili mwili wake ulikuwa umenenepa haraka. Shuleni walimwita Bonge. Jina hilo hakulileta nyumbani, alilivua mlangoni pamoja na viatu.

Mama Pamba aliyaona yote, akaamua kunyamaza. Alifikiri kunyamaza ni huruma. Sare ya shule ilipombana binti yake, hakusema neno. Alingoja mtoto aende shule, akaichukua sare ya pili, akafumua mshono wa pembeni, akauachia kidogo, akaupiga pasi, akairudisha kabatini. Muhula uliofuata akafanya hivyo tena, na uliofuata huo pia. Kuna siku alimkuta Pamba analia mbele ya kioo kirefu cha wateja. Tangu siku hiyo, kila ilipokaribia saa ya mtoto kurudi, alikitupia kioo kitambaa cheusi. Hakumweleza mtu, hata mumewe.

Hatua za kwanza alizisikia Jumatatu moja, saa tisa alasiri. Uzi ulikatika, cherehani ikanyamaza. Katika ukimya ule, juu ya kichwa chake, kitu kikatembea.

Ta. Ta. Ta. Ta.

Hatua zilikwenda upande wa dirisha. Zikageuka. Zikarudi. Hazikuharakisha wala hazikuchelewa.

Mama Pamba akainua macho, akaitazama dari. Ghorofa ya nne haikuwa na mtu. Alikaa huko fundi saa mmoja mzee, akafia kwenye kiti chake, na baada yake paa likaanza kuvuja. Mwenye nyumba alipafunga, akamwachia Mama Pamba ufunguo ili siku za mvua awe anamwaga ndoo ya matone. Mvua haikuwa imenyesha kwa mwezi mzima. Ufunguo ulikuwa jikoni, kwenye msumari, karibu na mlango wa nyuma. Mlango ule ulitokea kwenye ngazi za nyuma, ambazo hakuna aliyezitumia ila paka.

"Mama," akaita kwa sauti ya chini. "Umesikia?"

"Nimesikia tangu wiki iliyopita," Bibi akajibu kutoka chumbani kwake. "Nilinyamaza nisikutie hofu."

"Labda ni panya."

"Panya gani anatembea kwa miguu miwili?" Bibi akasema. "Msikilize. Anatembea mia, anapumzika. Anatembea mia tena. Fundi saa ndivyo alivyokuwa. Kila kitu chake kwa hesabu."

"Usinitishe bwana, Mama. Mimi ndiye ninayekaa hapa chini."

"Sasa nikutishe kwa faida gani? Nalala humu humu."

Mama Pamba alicheka kidogo. Akaenda jikoni kuutazama ufunguo. Msumari ulikuwa mtupu.

Akarudi sebuleni mbio. Akakaa kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu zote bila kitambaa chini ya sindano, ilimradi isikike kelele. Alipoiachia tena ilikuwa saa kumi kasoro. Juu kumetulia. Akajikaza, akaenda jikoni mara ya pili.

Ufunguo ulikuwa mahali pake. Ulikuwa unabembea.

Wiki mbili zilizofuata zilifanana. Saa tisa hatua zilianza. Kabla ya saa kumi ziliisha. Kisha sauti nyingine zikaongezeka. Kuna kitu kilichakarisha, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Kuna pumzi nzito, ya kuvuta na kukatika, iliyosikika ukiegemeza sikio ukutani. Na sebuleni, bunda la nailoni ya kufungia nguo za wateja lilikuwa linapungua. Mama Pamba alipima nailoni kwa futi yake siku ya Jumanne. Jumatano zilikuwa zimepungua mita tatu.

Lakini lililomtia hofu zaidi lilikuwa chini, mezani pake. Pamba alikuwa anabadilika.

Alirudi saa kumi na moja kila siku, akisema amebaki shuleni kujisomea. Uso ulikuwa umempauka. Midomo ilikauka na kupasuka. Alivaa sweta zito siku za joto. Chakula alikigusa kwa uma, akakisogeza huku na huku, akasema ameshakula.

"Umekula wapi?" Mama Pamba aliuliza.

"Shuleni."

"Umekula nini?"

"Chakula, Mama." Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Bibi akamtazama binti yake. "Umeona macho yake? Yamezama."

Mama Pamba aliona. Na wazo likamwingia, akashindwa kulitoa. Kilicho juu kinamla mwanangu. Kila kinapotembea, yeye anakwisha. Alijua kwamba ni wazo la kipumbavu. Mchana alilicheka. Ikifika saa tisa, halikumchekesha tena.

Ghorofa ya pili alikaa jirani yao, muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye maneno machache na mwendo wa haraka. Alhamisi ya wiki ya pili alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Mama Pamba alimkuta ngazini akamweleza kuhusu hatua.

"Dada, unaamini vitu hivyo?"

"Naamini vitu vyenye miguu," muuguzi akasema. "Ukisikia tena niite. Tutapanda wote."

Saa tisa ikafika. Hatua zikaanza, ila leo hazikuwa sawasawa. Ta. Ta. Kimya. Ta. Kisha zikaburuzika. Bibi akapaza sauti kutoka chumbani: "Leo amechoka!" Kabla Mama Pamba hajamjibu, kishindo kikatikisa dari. Chokaa ikadondoka juu ya kitambaa cheupe cha mteja. Baada ya hapo hakukusikika kitu chochote.

Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko hatua. Mama Pamba akashuka ngazi huku mkasi aliouvaa shingoni ukimgongagonga kifuani, akabisha kwa muuguzi kwa viganja vyote viwili.

Walipanda kwa ngazi za nyuma. Mlango wa ghorofa ya nne ulikuwa wazi kidogo, na ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye kitasa. Ndani madirisha yalikuwa yamepigwa mbao. Mwanga uliingia kwa vipande vyembamba. Kulikuwa na harufu ya ukuta mbichi, na joto la kukaba koo.

Sakafu nzima ilikuwa na vumbi zito, isipokuwa sehemu moja. Kuzunguka chumba, kando ya ukuta, palikuwa na njia. Miguu mitupu ilikuwa imepita hapo mara nyingi sana hata sakafu ikang'aa. Njia ilizunguka na kuzunguka, haikuwa na mwanzo wala mwisho. Mama Pamba akainama. Pembeni mwa njia unyayo mmoja ulikuwa umejichapa vizuri kwenye vumbi. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani.

Aliujua mguu ule. Alikuwa ameuosha tangu ulipokuwa mdogo wa kuenea kiganjani.

"Pamba!" akapiga kelele. "Pamba!"

Alikuwa kwenye pembe, nyuma ya kiti cha fundi saa, amelala ubavu. Alikuwa amevaa koti zito la baba yake la safari. Muuguzi akalifungua. Chini ya koti, kuanzia kifuani hadi mapajani, mtoto alikuwa amezungushiwa nailoni, tabaka juu ya tabaka. Nailoni ile ilichakarika alipoguswa.

"Mkasi!" muuguzi akasema.

Mama Pamba akamkabidhi, muuguzi akakata. Wakambeba mpaka kwenye upepo wa ngazi. Muuguzi akamlaza, akainua miguu yake, akamfunika shingo na makwapa kwa vitambaa vya maji. Ngozi ilikuwa ya moto. Baada ya muda mrefu sana, Pamba akafumbua macho.

"Nimebakiza mizunguko arobaini," akasema.

Mama Pamba akalia papo hapo, bila aibu.

Muuguzi alimnywesha maji kidogo kidogo. Kisha wakampeleka zahanati, na daktari akampima moyo, damu na mapigo. Akalala huko siku mbili. Moyo ulikuwa mzima. Alikuwa amepungukiwa maji, na alikuwa hajala kitu cha maana kwa siku mbili.

Jumamosi alirudi nyumbani. Baba alipiga simu kutoka barabarani. "Mwambie nakuja," alisema. "Mwambie sina hasira." Muuguzi akaja jioni, akakaa kwenye benchi la wateja. Bibi akaletwa na kiti chake. Pamba alikaa mbali, karibu na mlango, kama anayetaka kukimbia.

"Sikuja kukugombeza," muuguzi akamwambia. "Nataka kujua. Nani alikwambia ujifunge nailoni?"

"Nilisikia wasichana shuleni wakisema. Ukitoka jasho jingi unapungua."

"Unapungua maji. Ukinywa glasi mbili yanarudi. Mafuta ya mwili hayatoki kwa jasho, mwanangu. Jasho ni njia ya mwili kujipoza. Wewe uliufungia mlango. Joto likabaki ndani. Watu hufa hivyo."

Neno lile likakaa katikati ya chumba. Bibi akashika mkono wa kiti.

"Na kutokula?" Pamba akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwili unaokua ukinyimwa chakula unapoteza nguvu na misuli. Kisha njaa inakushinda, unakula kwa fujo, unajilaumu, unaanza upya. Ni mzunguko kama ule wa huko juu. Hauna mwisho."

Mama Pamba hakuweza kunyamaza zaidi. "Lakini kwa nini huko, mwanangu? Mahali alipofia mtu? Kwa nini hukuniambia mimi?"

Pamba akaangalia sakafu. Kisha akainua kidole, akakionyesha kioo kirefu. Hata jioni ile Mama Pamba alikuwa amekifunika. Mkono ulikuwa umezoea.

"Mnafunika kioo nikipita," akasema. "Kama kuna maiti ndani ya nyumba. Nilidhani maiti ni mimi."

Mama Pamba akageuka kukitazama kitambaa.

"Na sare zangu," akaendelea. "Mama, mimi ni mtoto wa fundi. Matobo ya sindano ya zamani yanaonekana. Niliyahesabu. Mistari mitatu. Kila ukiachia mshono, nilijua umeniona, na nilijua umeshindwa hata kusema. Nikaona hili jambo ni baya mpaka halitajiki. Nikawa nauchukua ufunguo kwa mlango wa nyuma, cherehani yako ikinguruma, na nikishuka nakaa ngazini mpaka jasho likauke. Kwa fundi saa hakuna wa kunitazama. Marehemu hacheki."

Mama Pamba alihisi kama sindano imempita kidoleni. Miaka miwili alidhani anamfunika mtoto asiumie. Kumbe alikuwa akimfunika mtoto mwenyewe. Akainuka. Akaenda kwenye kioo, akakivuta kitambaa cheusi kwa nguvu hata kikachanika.

"Nisamehe," akasema. "Nilikuwa na aibu kwa niaba yako, na wewe hukunituma. Sikuona aibu juu yako, wallahi. Niliogopa machozi yako."

"Nilitaka uniulize tu," Pamba akasema, akaanza kulia.

Bibi akapenga kamasi kwa kishindo. "Na mimi nikamsingizia fundi saa wa watu," akasema. "Mzee hana kosa." Pamba akacheka huku analia, na wote wakamfuata.

Muuguzi akawaacha wamalize. Kisha akasema, "Sasa tuanze upya. Pamba, ulikuwa na nia nzuri. Kutembea ni kuzuri. Ulikosea njia. Niambie, unataka nini? Usiseme kilo."

Pamba akafikiri. "Nataka kupanda ngazi hizi bila kusimama ghorofa ya pili nikijifanya nafunga kamba za viatu."

"Basi hilo ndilo lengo letu. Mtoto wa umri wako anahitaji kama saa nzima ya kuuchangamsha mwili kila siku. Usiogope, si leo. Anza na dakika kumi. Wiki ijayo ongeza tano. Saa hiyo unaweza kuigawa: kutembea asubuhi, kucheza muziki jioni, kuruka kamba, hata kufagia kwa nguvu. Pima hivi: ukitembea, uweze kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Ukisikia kizunguzungu au kifua kuuma, simama, sema. Vaa nguo nyepesi. Kunywa maji. Kula asubuhi, na ule pamoja na wenzako."

"Na soda?" Bibi akauliza haraka. Baba alikuwa na mazoea ya kuleta kreti zima kila safari, ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema amewakumbuka.

"Soda iwe ya sikukuu. Kwa nyumba nzima, si kwa Pamba peke yake. Msimpikie chakula chake kando kama mfungwa. Na msimpime kilo kila asubuhi, wala msimwambie 'umepungua, umeongezeka.' Mwili wake si redio ya kutangaza habari. Muulizeni amelalaje, amechekaje, amepandaje ngazi."

"Nani atatembea naye?" Bibi akauliza tena.

Wote wakamtazama Mama Pamba, aliyekuwa amekaa kwenye cherehani miaka kumi na saba.

"Mimi?" akasema. "Na hizi nguo za watu?"

"Hata sasa unazichelewesha," Bibi akasema.

Pamba alikuwa na sharti moja. Asionekane na mtu. Kwa hiyo walitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, maduka yamefungwa na taa za barabara zinawaka bado. Ulikuwa msimu wa ukungu. Ulishuka mzito kiasi kwamba ukinyoosha mkono vidole vilififia. Majengo yalitokea ghafla na kupotea. Mbwa alibweka mahali, usijue ni mbele au nyuma. Mama Pamba hakupenda kabisa. Lakini aliogopa zaidi kwamba, asipokwenda, mtoto atarudi juu.

Siku ya kwanza walitembea dakika kumi, na aliyeomba kupumzika alikuwa mama. "Ongea, Mama," Pamba alimwambia. "Ukishindwa kuongea tupunguze." Mama Pamba akajaribu kuongea, akatoa mluzi tu. Walicheka hata wakakaa kando ya barabara. Wiki ya pili walifika dakika kumi na tano. Jioni Pamba aliwasha redio akacheza sebuleni, na Bibi akapunga mikono kutoka kitini akidai na yeye yumo. Pamba akaanza kula asubuhi. Akaanza kulala usingizi wa kweli. Bado hakutaka kutembea kukiwa na mwanga. Jua likikaribia, aliinamisha kichwa na kuharakisha nyumbani.

Wiki ya tatu, Jumatano, wakasikia viatu nyuma yao.

Walisimama. Viatu vikasimama. Wakaenda. Vikaenda. Mama Pamba akageuka, akaona ukungu tu. Akamshika binti yake mkono wakarudi haraka. Alhamisi vilikuwepo tena. Ijumaa aliona kwa sekunde moja umbo refu, limevaa koti lenye kofia, limesimama chini ya taa. Taa ikapepesa, umbo likatoweka.

"Kesho hatuendi," akasema.

"Nikikosa siku moja, nitakosa mbili," Pamba akamjibu. "Najijua."

Jumamosi wakaenda. Mama Pamba alitia mkasi mfukoni. Walipita duka la mikate, wakapita ukuta wa shule. Na nyuma yao, kwa mbali, viatu vikaanza.

"Turudi," Mama Pamba akanong'ona.

Pamba alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kulikuwa na pumzi ndani ya ukungu. Ilikuwa nzito, na mwenyewe alikuwa akiibana. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono ili asisikike.

"Huyo hatufuati kwa ubaya, Mama," Pamba akasema. "Huyo anajificha."

"Umejuaje?"

"Mimi nilipumua hivyo mwezi mzima."

Akauachia mkono wa mama yake. Kabla Mama Pamba hajamkamata, alikuwa ameondoka. Mgongo wake ukawa kivuli, kisha ukawa hakuna. Mama Pamba alibaki peke yake barabarani, mkasi mkononi. Alisikia hatua za binti yake zikienda, zikasimama. Kisha sauti.

"Shikamoo."

Viatu vikasogea hatua moja.

"Marahaba, mwanangu," sauti ya mwanamume ikajibu, ikitweta. "Samahani. Nimewatia hofu. Mimi ni fundi viatu, wa kibanda kile cha kona. Kutwa nzima nimekaa kwenye kigoda. Daktari amesema presha yangu imepanda, ameniambia nitembee kila siku. Lakini mtu mzima na tumbo hili, watu wakiniona wataniitaje? Niliwaona dirishani mnapita. Nikasema nikiwa nyuma ya hawa, angalau siko peke yangu."

Mama Pamba akarudisha mkasi mfukoni. Akasikia binti yake akivuta pumzi.

"Wataita, baba," Pamba akasema. "Mimi wananiita Bonge. Ukimaliza kupita, wanarudi kwenye shughuli zao. Sasa hivi unaweza kumaliza sentensi bila kukatika?"

"Si... siwezi."

"Basi tumekwenda mbio mno. Na hilo koti livue, utaungua. Mimi nililazwa kwa ajili ya koti. Njoo utembee mbele na sisi."

Wakatokea kwenye ukungu wawili, Pamba na mwanamume mrefu mnene, koti begani, amejiinamia kama mwanafunzi aliyechelewa. Alimwamkia Mama Pamba bila kumtazama usoni. Mama Pamba akamwambia kwamba na yeye anaanza, na kwamba siku ya kwanza alipiga mluzi kama birika. Fundi viatu akacheka kwa mara ya kwanza.

Wakatembea watatu. Mwendo ulikuwa wa pole, kwa sababu Pamba hakukubali fundi viatu abaki nyuma. Alimweleza kuhusu maji, na kuhusu kula asubuhi, na kwamba akisikia kifua kinabana asimame, asione haya. Alimuuliza anatengenezaje soli. Akamweleza muuguzi anakaa mlango gani. Aliongea njia nzima na sentensi zake hazikukatika.

Kwa mwendo ule walichelewa. Ukungu ukaanza kupanda. Taa za barabara zikazimika. Duka la mikate likafunguliwa, watu wakatoka na vikapu, na wasichana wawili wa shule ya Pamba wakapita upande wa pili, wakageuka kutazama. Jua lilikuwa limewapiga usoni wote watatu. Pamba alikuwa anapunga mikono, anamwonyesha fundi viatu namna ya kukanyaga kuanzia kisigino.

Mama Pamba aliona kuwa kumekucha. Hakumkumbusha.